'The Birds': Filamu ya miaka 60 iliyopita, mtoto wako aione au asubiri?

Ni Jumamosi usiku. Sebuleni kuna runinga moja na watu saba, mdogo wao ana miaka sita. Baba amerudi na flashi aliyoazimwa na mwenzake wa kazini, imejaa filamu za zamani, na ameichagua 'The Birds' ya Alfred Hitchcock.

"Baba watoto, hiyo si ya kutisha? Hawa watalala kweli?" anauliza mama.

"Mama, hii ni ya mwaka 1963. Sisi tuliona kubwa kuliko hizi tukiwa wadogo, na tupo."

Mabishano ya namna hii hutokea katika nyumba nyingi, na mara nyingi humalizwa na aliyeshika rimoti. Hoja ya baba si ya kipuuzi. Filamu za zamani hazina damu inayoruka kila dakika, hazina matusi, hazina matukio ya chumbani, na watu wake wamevaa suti na magauni. Mzazi akilinganisha na yale ambayo mtoto anayaona kwenye simu ya shangazi yake, filamu ya mwaka 1963 inaonekana kama ya shule ya Jumapili.

Lakini umri wa filamu haumwambii mzazi chochote kuhusu itakachomfanyia mtoto. 'The Birds' ni mfano mzuri, kwa sababu hapa Pwani ina jambo moja ambalo huko Marekani halina uzito sawa. Tutafika huko.

Hadithi yenyewe

Filamu inaanzia San Francisco, kwenye duka la ndege wa kufuga. Melanie Daniels, binti wa tajiri mwenye gazeti, anakutana na mwanasheria Mitch Brenner anayetafuta jozi ya kasuku wadogo wa zawadi kwa mdogo wake, Cathy, anayetimiza miaka 11. Melanie anawanunua yeye na kuwapeleka kimya kimya hadi Bodega Bay, mji mdogo wa wavuvi ulio kaskazini mwa San Francisco. (Kasuku wa jamii hiyo, kwa taarifa tu, asili yao ni Afrika na Madagaska, na aina mojawapo inayofugwa sana duniani inatoka kaskazini mwa Tanzania.)

Kwa karibu nusu saa ya kwanza hakuna kinachotisha. Ni mapenzi ya kuzungukana, mzaha, na mama mjane asiyempenda mwanamke anayemfuata mwanawe. Mtoto aliyezoea katuni atauliza mara tatu filamu itaanza lini. Kisha shakwe mmoja anashuka kutoka angani na kumgonga Melanie kichwani akiwa kwenye boti. Anajigusa, anatazama glovu yake, kuna tone la damu. Basi, ni hilo tu.

Usiku shakwe mwingine anajibamiza kwenye mlango wa mwalimu wa shule na kufa. Kesho yake ndege wanavamia sherehe ya kuzaliwa ya Cathy, wakati yeye amefungwa kitambaa machoni kwa ajili ya mchezo. Jioni hiyo hiyo mamia ya ndege wadogo wanamiminika sebuleni kupitia dohani. Baada ya hapo kunguru wanawashambulia wanafunzi wakitoka shule, kituo cha mafuta kinalipuka, mwalimu anauawa, na familia inajifungia ndani ya nyumba iliyopigiliwa mbao madirishani huku midomo ya ndege ikitoboa milango. Mwishoni wanaondoka kwa gari, polepole, katikati ya maelfu ya ndege waliotulia. Hakuna anayesema ndege walipatwa na nini. Hata yale maneno ya kuonyesha kwamba filamu imekwisha hayaonekani.

Matukio matatu ya kuyajua mapema

La kwanza ni la nyumba ya jirani. Mama yake Mitch anaendesha gari hadi kwa mfugaji mwenzake, anaingia jikoni, na kuona vikombe vya chai vilivyovunjika vikining'inia kwenye ndoano zake. Mzazi akiviona vikombe hivyo ajue zimebaki sekunde chache. Mama huyo anafika chumbani na kumkuta mwenye nyumba amekufa, macho yametobolewa. Hitchcock hakuweka kelele wala muziki. Aliisogeza picha karibu na uso wa marehemu kwa mirukio mitatu ya haraka, halafu akamwonyesha yule mama akikimbia mdomo wazi, sauti haitoki. Ni sekunde chache tu, lakini ndizo ambazo watu wazima walioiona filamu hii wakiwa watoto huzikumbuka.

La pili ni kifo cha mwalimu Annie. Ndege wenyewe hawaonekani wakimuua. Anaonekana amelala kwenye ngazi za nyumba yake, na Cathy yuko ndani, dirishani, analia. Ndipo tunajua kwamba mwalimu alimsukuma mtoto ndani na yeye akabaki nje. Kwa mtu mzima ni tukio la huzuni zaidi kuliko la kutisha. Kwa mtoto wa miaka minane ni habari mpya kabisa: mtu mzima anayekulinda anaweza kufa mbele yako.

La tatu ni la chumba cha juu. Usiku, wengine wakiwa wamesinzia, Melanie anachukua tochi na kupanda ngazi. Shambulio linalofuata ni refu, na ndilo gumu kuliko yote katika filamu. Mwigizaji Tippi Hedren ameeleza kwamba aliahidiwa ndege wa kutengenezwa, lakini kwa siku kadhaa akarushiwa ndege hai, hadi mmoja akamkwaruza karibu na jicho na daktari akaamuru apumzishwe. Katika kitabu chake cha mwaka 2016 ameeleza pia jinsi mwongozaji huyo alivyomnyanyasa. Kijana wa miaka 15 au 16 anaweza kuambiwa hayo, na pengine ni mazungumzo yenye maana kuliko filamu yenyewe: hofu ile usoni mwa Hedren si yote ya kuigiza.

Matukio ya sherehe, dohani na shule yana vurugu nyingi zaidi, lakini ndiyo rahisi kuyavumilia. Ndege wengi wanaonekana wazi kuwa wamebandikwa juu ya picha, na watoto wa leo hugundua haraka. Wengine hucheka. Mzazi asidanganyike na kicheko hicho akadhani njia imenyooka hadi mwisho.

Sauti inapita ukutani

Filamu hii haina muziki wa kusindikiza. Muziki uliopo ni ule wa watoto wakiimba darasani na Melanie akipiga piano kidogo. Mayowe na mbawa vilitengenezwa na Oskar Sala na Remi Gassmann kwa chombo cha umeme kiitwacho Trautonium, huku mtunzi Bernard Herrmann akiwa mshauri wa sauti. Ndiyo maana hofu nyingi humo huingilia masikioni. Katika shambulio la usiku juu ya nyumba, ndege karibu hawaonekani kabisa. Tunasikia tu mbao zikidonolewa.

Hili lina maana kubwa katika nyumba zetu. Suluhisho la kawaida ni kuwaambia wadogo waende chumbani wakalale, wakubwa wabaki. Chumba chenyewe kinatenganishwa na sebule kwa pazia au ukuta usiofika juu. Mtoto wa miaka sita aliyelala gizani akisikia vile vishindo na mayowe bila kuona picha atajitengenezea picha yake mwenyewe, na hakuna wa kumwambia kwamba ndege wale wamebandikwa. Kwa filamu hii, kumpeleka chumbani kunaweza kuwa vibaya kuliko kumwacha akae mapajani mwa mama.

Na anayeangalia kwenye simu chini ya shuka? Kioo kidogo hupunguza ukubwa wa picha, ni kweli. Lakini visikizi humwekea mbawa ndani ya sikio, na yuko peke yake.

Watafiti wameona nini

Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi filamu na runinga zinavyowatisha watoto. Moja ya mambo aliyoyaonyesha na wenzake ni kwamba watoto wa umri tofauti hawaogopi kitu kimoja. Wadogo, hadi karibu miaka saba au minane, huogopa kinachoonekana kibaya. Walipoonyeshwa ile tamthilia ya jitu la kijani, Hulk, wadogo waliliogopa jitu hata pale lilipokuwa likiwaokoa watu. Wakubwa kidogo hawakulijali jitu, waliogopa pale mtu wa kawaida alipokuwa hatarini kabla hajageuka.

Mtoto akikua, anaanza kuogopa kinachoweza kutokea kweli. Jini na zimwi hupungua nguvu, mwizi, moto na mnyama hupata nguvu. Ndiyo maana mtoto wa miaka 10 aliyecheka zombi wiki iliyopita anaweza kukosa usingizi kwa filamu isiyo na zimwi hata moja.

Katika utafiti mwingine wa Cantor na Kristen Harrison, uliochapishwa mwaka 1999, wanafunzi wa chuo kikuu waliulizwa kuhusu filamu zilizowatisha utotoni. Wengi mno waliikumbuka moja, na takriban robo yao walisema bado wana mabaki ya hofu hiyo. Hao ni watu wazima. Ile kauli ya "sisi tuliona na tupo" inahitaji kusikilizwa pamoja na jambo hili. Wapo, ndiyo. Lakini baadhi yao hawaingii baharini zaidi ya magotini na hawajawahi kusema sababu.

Kunguru wa Dar es Salaam

Sasa lile jambo la Pwani. Kwa mtoto wa Marekani anayeishi ghorofani, kundi la kunguru ni kitu cha kwenye filamu. Kwa mtoto wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja ni jirani. Kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote, na leo wako kwenye kila jalala, kila mwembe na kila paa la shule. Wanabeba vifaranga mchana kweupe, wananyakua andazi mkononi. Wakiwa na makinda huwarukia watu wanaopita chini ya kiota, na watoto wengi wameshawahi kupigwa ubawa kichwani.

Tukio mashuhuri kuliko yote katika 'The Birds' ni hili: Melanie amekaa kwenye benchi nje ya shule, anavuta sigara, na nyuma yake kunguru wanatua mmoja mmoja kwenye vyuma vya kuchezea watoto. Mmoja, kisha wanne, kisha vyuma vyote ni vyeusi. Ndani, watoto wanaimba. Baadaye wanatolewa nje wakimbie, na kunguru wanawafuata njiani, mtoto mmoja anaanguka na miwani yake inavunjika.

Mtoto aliyeona hilo Jumamosi usiku anatembea kwenda shule Jumatatu, na kunguru wako pale pale walipokuwa Ijumaa. Zimwi halina mahali pa kukaa mtaani, kwa hiyo hofu yake huisha polepole. Kunguru ana mahali. Mtoto anayebadilisha njia ya kwenda shule, au anayekataa kula nje wakati wa mapumziko, anaweza asiseme kwamba ni kwa sababu ya filamu. Atasema tumbo linauma.

Hii peke yake inatosha kuisogeza filamu hii mbele kwa miaka miwili au mitatu katika familia za Pwani. Kwa mtoto anayeishi mahali pasipo na makundi ya kunguru, hesabu inaweza kuwa nyingine.

Alama zinasaidia kiasi

Marekani ilianza mfumo wake wa sasa wa kupanga filamu kwa umri mwaka 1968, miaka mitano baada ya filamu hii kutoka. Leo huko ina alama ya PG-13, yaani mzazi awe mwangalifu kwa walio chini ya miaka 13. Uingereza ilipotoka iliwekwa daraja la X, lililomaanisha wenye miaka 16 na zaidi. Kenya ina madaraja manne, GE, PG, 16 na 18, na Tanzania ina Bodi ya Filamu. Ila filamu iliyofika kwenye flashi haina alama yoyote juu yake, na hata ikiwa nayo, alama hiyo haikuandikwa na mtu aliyewahi kukanyaga jalala la Kariakoo.

Kwa hiyo umri gani? Chini ya miaka 10, hapana, hata kama anasisitiza na hata kama kaka yake anaangalia. Miaka 10 hadi 12, inategemea mtoto, na mzazi anamjua: yule anayeamka usiku kwa ndoto, anayemlilia kuku wa sikukuu, au aliyefiwa na mtu wa karibu mwaka huu, asubiri. Yule anayeuliza "walifanyaje hapo?" kila anapoona picha ya ajabu, anaweza kuiona akiwa na mzazi pembeni. Kuanzia miaka 13, wengi wataimudu, na wengine wataiona ya polepole mno.

Mambo mengine hayana uzito mkubwa. Watu wanavuta sigara na kunywa pombe kama walivyofanya katika filamu zote za wakati huo. Kuna mzaha kuhusu Melanie kurukia chemchemi ya maji huko Rome bila nguo, mzaha ambao wadogo hawataushika.

Kama mmeamua kuiona

Mzazi aione kwanza peke yake. Inachukua karibu saa mbili, na ni saa mbili zinazoepusha usiku mwingi wa kuamshwa. Kisha ichaguliwe asubuhi ya Jumamosi badala ya usiku, mapazia yakiwa wazi. Ikianza saa nne, itakwisha kabla ya chakula cha mchana, na watoto watatoka kucheza wakiwa na saa nyingi za kuichosha kabla ya giza.

Tukio la chumba cha mfugaji linaweza kurukwa bila hadithi kupotea. Inatosha kumwambia mtoto, "Amemkuta jirani amekufa." La chumba cha juu ni vigumu kuliruka, lakini sauti inaweza kupunguzwa, na ikipunguzwa tukio lenyewe hupoteza nusu ya nguvu.

Kwa wakubwa, kueleza jinsi filamu ilivyotengenezwa husaidia sana. Wale watoto wanaokimbia, katika picha za karibu, walikuwa studio wakikimbia juu ya mkanda unaozunguka, hawaendi popote. Baadhi ya ndege ni wa kutengenezwa. Picha ya mwisho, ile ya gari linaloondoka, imeunganishwa kutoka vipande zaidi ya 30. Na kisa chenyewe, kilichotokana na hadithi fupi ya mwandishi Mwingereza Daphne du Maurier ya mwaka 1952, kina mwenzake wa kweli: mwezi Agosti 1961 ndege wa baharini walijibamiza kwa wingi kwenye nyumba za Capitola, California, na watafiti wa baadaye walihusisha tukio hilo na sumu ya mwani iliyoingia kwenye samaki waliowala. Ndege walikuwa wagonjwa. Hawakuwa na chuki na mtu.

Kwa mdogo aliyeponyoka akaiona, maelezo hayo hayafai, angalau si usiku huo. Cantor aliona kwamba chini ya miaka saba hivi, kuambiwa "si kweli" hakumtulizi mtoto. Kinachomtuliza ni kukumbatiwa, maji ya kunywa, taa ikiachwa inawaka, nafasi kitandani karibu na mtu. Na wasimcheke. "Mwanaume mzima unaogopa ndege?" ni maneno yanayomfundisha mtoto kuficha, kisha mzazi anabaki na tumbo linalouma kila Jumatatu bila kujua linatoka wapi.

Katikati ya filamu kuna mama mmoja, kwenye mgahawa, ana watoto wake wawili. Watu wazima wanabishana kwa sauti kuhusu ndege na mwisho wa dunia. Anawaomba wapunguze sauti, wanawatisha watoto. Hawamsikilizi. Baadaye, shambulio likishatokea, ni yeye mwenyewe anayepiga mayowe na kumshutumu Melanie kuwa ndiye aliyeleta balaa, watoto wake wakiwa wamejibanza kwake. Mzazi anayeangalia na mtoto wa miaka 11 anaweza kusimamisha filamu hapo na kuuliza nini kiliwatisha zaidi wale wawili, ndege au mama yao.

Na ajiandae kwa swali la mwisho, kwa sababu litakuja. Cathy anaomba aruhusiwe kuingia garini na kasuku wake wawili, kwa kuwa hawajamdhuru mtu. Anaruhusiwa, gari linaondoka, filamu inakatika. Mtoto atataka kujua kama walifika, na kama kasuku wale baadaye waligeuka kama wenzao. Hitchcock hakusema. Mzazi anaweza kumrudishia mtoto swali lake na kumwacha asimulie yeye, wakati ugali unasongwa.